Kiangazi Walichokikalia Mawakili

Nianze kwa kusema kwamba nina hasira, ili anayetaka hadithi ya upole aende akaitafute kwingine. Avril Tunnicliffe mwenyewe hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonizidishia mimi. Nimeishi naye ukuta mmoja hapa Burslem, England, tangu wanangu wakiwa wadogo, na muda wote huo sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Mtu akimkanyaga mguu kwenye foleni ya posta, yeye ndiye anayeomba radhi.

Alikuwa fundi wa sahani. Ule mstari wa dhahabu unaozunguka ukingo wa sahani za wageni, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Anaweka sahani kwenye gurudumu, anaizungusha kwa mkono wa kushoto, anashusha brashi, na mstari unarudi ulipoanzia bila kuonyesha ulipoungana. Alifanya hivyo tangu alipomaliza shule mpaka kiwanda kikafungwa, kisha akaenda kuwapakulia watoto chakula cha mchana katika shule ya msingi. Mumewe, Des, alikuwa mchimba makaa ya mawe. Migodi ilifungwa zamani, lakini vumbi lake Des alibaki nalo kifuani.

Nyumba zetu ni zile za zamani zilizoshikana, ngazi zake za ndani zimesimama wima, choo kiko juu. Des aliacha kupanda juu. Kitanda chake kikashushwa chumba cha mbele, kando ya mashine ya oksijeni inayonguruma mchana na usiku, na choo cha ndoo kikawekwa nyuma ya pazia. Mwanamume aliyewahi kubeba mbao za mgodini begani sasa alikuwa anajisaidia nyuma ya pazia, akisikia watu wanaongoja basi nje ya dirisha lake. Kutoka nje hakuweza. Mlango wa mbele una vidaraja vya mawe vinavyoshukia barabarani, na kumteremsha kulihitaji wanaume wawili wenye nguvu.

Ndipo Avril akapata bangalo upande wa Werrington, la mjane mmoja aitwaye Bwana Pickerill, aliyekuwa anahamia kwa binti yake. Nyumba ya chini tupu, haina ngazi wala kizingiti. Mlango wa chumba cha kulala unafungukia moja kwa moja kwenye bustani. Mwezi wa pili tulimbeba Des kwenda kuiona, mimi na mume wangu na mpwa wake. Alikaa kwenye kiti cha magurudumu pale mlangoni, akaangalia nyasi zilizolowa.

"Pale nitapanda maharage," akasema. "Yale yanayopanda mitini, yenye maua mekundu."

"Utayapanda wewe au utaniamuru mimi niyapande?" Avril akamuuliza.

"Nitakuamuru, bata. Kwani lini nimewahi kufanya kazi?"

Huku mtu akikupenda anakuita bata. Usiniulize kwa nini, hata wao hawajui.

Wiki hiyo hiyo daktari wa kifua alimvuta Avril pembeni akamwambia: kama kuna kitu mumeo anataka kukifanya nje, kwenye jua, afanye kiangazi hiki. Asingoje cha mwakani. Avril alinieleza jikoni kwake huku akiosha kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Des hakuambiwa, ila Des hakuwa mjinga.

Kwa hiyo shida ilikuwa moja tu. Kiangazi kimoja, mlango uliofunguliwa, mzee ameketi kati ya maharage yake.

Nyumba yao ilipata mnunuzi upesi, vijana wawili, Jodie na Kieran, msichana akiwa na mimba iliyoanza kuonekana. Bei zikakubaliwa pande zote, watu wakapeana mikono, dalali akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Lakini hapa England kupeana mkono si kitu. Mpaka mawakili wabadilishane mikataba, hakuna aliyeuza na hakuna aliyenunua, na anayetaka kujitoa anajitoa. Na kwa kuwa Jodie hawezi kuingia mpaka Avril atoke, na Avril hatoki mpaka Pickerill aondoke, wote watatu wanafungwa mnyororo mmoja. Kila nyumba ina wakili wake, na mnyororo mzima unakwenda kwa mwendo wa wakili aliye mzito kuliko wote.

Wakili wa Avril aliitwa Bwana Hulme. Ana ofisi Hanley, juu ya duka la miwani. Mwezi wa tatu alimwambia, "Mambo yakienda sawa, mtakuwa mmehamia kabla ya mwisho wa Mei." Avril alilichukua neno hilo kama ahadi. Mwezi wa nne alishafungasha kila kitu. Sahani alizozichora kwa mkono wake zikafungwa kwenye magazeti, vikombe, mapazia, viatu vya baridi. Wakabaki na birika, sufuria moja, na sahani za karatasi. Mei ikaja, Mei ikaondoka.

Kila Jumatatu asubuhi Avril alikuja kwangu kupiga simu, ili Des asisikie. Alisimama kando ya friji yangu, amenyooka, kana kwamba karani wa wakili anamwona.

"Halo, Tamsin bata, ni mimi tena. Samahani kukusumbua. Najua mmezidiwa na kazi. Nilikuwa najiuliza tu kama kuna habari yoyote... Hapana? Haya, sawa. Hakuna haraka kabisa. Wakati wowote mkipata nafasi. Asante sana, na samahani tena."

Halafu anaweka simu chini taratibu, asije akaiumiza.

"Avril," namwambia, "umeomba msamaha mara mbili. Umemkosea nini huyo mtoto?"

"Ni adabu tu, Sal."

Mimi jina langu ni Salha, lakini kwake nilikuwa Sal tangu siku ya kwanza.

"Na hiyo 'hakuna haraka' umeitoa wapi? Haraka ipo! Iko chumbani kwako, imeunganishwa na mashine!"

"Ukiwasukuma wanakuweka mwisho. Watu wanaosukuma huwa wanawekwa mwisho."

"Nani kakwambia?"

"Inajulikana," akasema, akakunja kitambaa changu cha vyombo ambacho hakikuhitaji kukunjwa.

Mimi nimezaliwa Tanga. Kwetu salamu ndizo ndefu. Tukishaulizana hali za wote, mpaka mbuzi, shida inatajwa kwa jina lake. Nimekaa huku nusu ya maisha yangu na bado sijazoea watu wanaoizungukazunguka shida yao na kuipiga chenga mpaka wenyewe wanasahau ilikuwa wapi.

Juni ikawa ya moto. Dirisha la Des lilitazama kituo cha basi na duka la kamari. Kila nilipopita kumsalimia aliniuliza swali lile lile.

"Jirani, nje kukoje?"

"Joto, Des."

"Joto la namna gani?"

Nikawa namweleza. Joto la kuvua sweta. Joto la lami kunuka. Nimewaona watoto wa shule wamelala kwenye nyasi za kanisa, hata viatu hawana. Alifumba macho akasikiliza. Siku moja mume wangu na kijana wa duka la kamari walimbeba wakamweka kando ya barabara, akapata robo saa ya jua na moshi wa mabasi, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Tukamrudisha. Alitushukuru, na mimi nikaenda kulia chooni kwa hasira.

Mwisho wa Juni Tamsin akatoa habari mpya. Kulikuwa na swali kuhusu wigo. Ule wigo wa miti kati ya bangalo na jirani yake, haukujulikana ni mali ya nani. "Tumewaandikia upande wa pili," akasema. "Tunangoja upande wa pili."

Kuanzia hapo tukawa tunaishi na upande wa pili kama watu wanaoishi na jini. Julai, tunangoja upande wa pili. Bwana Hulme akaenda Ureno na familia yake. Aliporudi, wakili wa Pickerill naye akaondoka, kama walinzi wanaopokezana zamu. Agosti Jodie akajifungua. Mtoto akalazwa kwenye droo ya kabati nyumbani kwa mama yake, maana kitanda chake kilikuwa kwenye sanduku kikingojea nyumba. Tunangoja upande wa pili. Nilisema twende tukamuulize Pickerill mwenyewe, Avril akashtuka kana kwamba nimemwambia tukavunje benki. Tamsin alikuwa amemshauri wahusika wasiongee wao kwa wao.

Basi mimi si mhusika. Mimi ni jirani. Septemba, siku moja jua likiwa limeanza kupoa, nilipanda gari langu nikaenda Werrington peke yangu bila kumuaga mtu.

Bwana Pickerill alinifungulia mlango akiwa amevaa koti ndani ya nyumba. Nyuma yake masanduku yamepangwa mpaka darini.

"Nimefungasha tangu Aprili, bata," akasema, kwa aibu, kama mtu aliyekutwa hajafagia.

"Bwana Pickerill, huu wigo wa hapo nyuma ni wa nani?"

"Wigo? Wangu. Niliupanda mwenyewe mwaka aliozaliwa binti yangu. Kwa nini?"

"Kuna mtu amewahi kukuuliza?"

"Hapana. Wakili wangu anasema tunangoja upande wa pili."

"Upande wa pili ni sisi!"

Akanitazama. Nikamuuliza kama huwa anawapigia mawakili wake. Akasema ndiyo, kila Jumatano.

"Na unawaambia nini?"

"Nauliza tu kama kuna habari. Sitaki kuwasumbua. Nawaambia hakuna haraka."

Nikakaa juu ya sanduku lake moja bila kukaribishwa. "Na kweli huna haraka?"

Mzee akachezea kifungo cha koti. "Mjukuu wangu ameanza kutembea," akasema. "Nilitaka niwepo. Binti yangu alinitumia picha kwenye simu, lakini si sawa, au sivyo?"

Halafu akaniita nje. Kwenye kona ile ile ya bustani aliyoionyesha Des kulikuwa na miti mirefu imesimamishwa, na maharage yamepanda mpaka juu. Maua mekundu yalishakwisha. Maganda yalikuwa yamekomaa, magumu, mengine yamekauka yanachakacha kwenye upepo.

"Nilimpandia yule bwana," akasema. "Nilimsikia siku ile akisema anataka maharage pale. Nikafikiri, nitampandia, akija ayakute yameanza. Nimegawa nilivyoweza kugawa. Mtu mmoja hawezi kuyamaliza."

Niliendesha gari kurudi nikiwa siioni barabara vizuri. Nilipofika sikwenda kwangu, nilikwenda moja kwa moja jikoni kwa Avril, nikamweleza yote, sauti chini kwa ajili ya Des. Wigo. Jumatano. Mjukuu. Maharage. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua aproni, akavaa koti lake la kanisani, akaniambia, "Nipeleke Hanley."

Tulipoingia ofisini Tamsin alituuliza kama tuna miadi. Ni msichana mdogo mwenye kucha ndefu na uso mzuri, na nilitaka sana kumchukia lakini sikuweza. Avril akamwambia hapana, tutakaa. Tukakaa. Watu wengine wawili walikuwa wanangoja, wote wameshika simu zao, hakuna aliyemtazama mwenzake. Bwana Hulme alipotoka kumsindikiza mteja akatuona.

"Bi Tunnicliffe! Furaha iliyoje. Nimeona barua pepe, ni ule wigo tu sasa, tunangoja upande..."

"Wigo ni wa Bwana Pickerill," Avril akasema. "Aliupanda yeye. Hajawahi kuulizwa."

"Ah. Basi hiyo ni habari njema. Nitaliangalia wiki ijayo."

"Kwa nini wiki ijayo?"

Hulme akatabasamu. Si mtu mbaya, na hilo nalo linaudhi. "Bi Tunnicliffe, naomba nikiri kwamba sikujua kuna haraka. Tamsin huniambia kila wiki: Bi Tunnicliffe amepiga, anasema hakuna haraka. Laiti wateja wote wangekuwa kama wewe. Wengine wanapiga simu wanafoka, basi inabidi kazi zao tuzimalize kwanza, ili tupumue."

Nilimwona Avril akilipokea neno lile na kulishusha taratibu mpaka likafika chini.

"Wanaofoka mnawamaliza kwanza," akasema.

"Si kwa maana hiyo..."

"Mume wangu anakufa, we mpumbavu!"

Sijawahi kusikia sauti ile. Nadhani hata yeye hakuwahi. Wale wawili wakainua vichwa kutoka kwenye simu zao. Tamsin akaziba mdomo na zile kucha zake.

Hulme aliiva masikio. "Mungu wangu. Bi Tunnicliffe. Lakini mbona hukusema?"

"Nilisema! Kila Jumatatu nilisema! Nilisema samahani kukusumbua! Unadhani kuna mtu anakusumbua kila Jumatatu kwa raha zake? Wewe si mtu wa hapa? Mama yako si ni wa Tunstall hapo jirani? Nilikuwa nampakulia mdogo wako viazi shuleni! Mama yako akikwambia hakuna haraka unaelewa nini, eeh? Unakaa? Unakwenda Ureno?"

Hulme alijua jibu. Kila mtu aliyelelewa katika mji huu analijua: mama akisema hakuna haraka, unainuka unaenda. Alilijua nyumbani na akalisahau alipovaa tai, kwa sababu kulisahau kulimrahisishia kazi. Hilo sijamsamehe mpaka leo.

Akaingia ofisini kwake, akaacha mlango wazi, akainua simu. Akampigia wakili wa Pickerill. Tulimsikia akisema, "Ule wigo... ndiyo, wake... basi niandikie mstari mmoja." Chai aliyotuletea Tamsin ilikuwa bado ya moto alipoweka simu chini. Wigo uliokula Julai, Agosti na Septemba ulikwisha kabla hatujanywa chai. Wiki hiyo mikataba ikabadilishwa. Hata hivyo siku ya funguo ikawekwa Ijumaa ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu gari la kuhamisha mizigo halikupatikana mapema, na kwa sababu hawa watu wote lazima wahame Ijumaa, asijue mtu kwa nini.

Ijumaa hiyo ilinyesha kutwa. Mizigo ililowa, na simu ya kwamba funguo ziko tayari ilikuja mchana umeshageuka, giza likikaribia. Pickerill alimngoja Des mlangoni ili ampe mkono kabla hajaondoka. Walishikana mikono wale wazee wawili. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakamlaza Des kitandani pale karibu na mlango wa kioo, na Avril akaenda kuufungua.

"Usifungue, mama," muuguzi wa gari hilo akamwambia. "Baridi hiyo itamkamata kifua. Mpaka majira ya joto."

Avril akaachia kitasa. Nje, miti ya maharage ilikuwa bado imesimama, mashina yamegeuka meusi yananing'inia kwenye mvua. Des akayatazama kwa muda kupitia kioo.

"Nasikia kilikuwa kiangazi kizuri," akasema.

Nilikwenda jikoni nikaanza kufungua masanduku kwa kisu, nikiyachana zaidi ya ilivyohitajika. Nikatoa sahani za Avril moja moja. Hakuna hata moja iliyokuwa imevunjika.

Baridi ilipokolea Des hakuamka sana. Alikuwa amelala hivyo siku niliyokwenda kuwatembelea na simu ya Avril ikalia. Aliiweka sauti ya juu ili asilazimike kuishika sikioni.

"Bi Tunnicliffe? Ni Tamsin, kutoka kwa Bwana Hulme. Nimepewa orodha ya wateja wa mwaka huu, naambiwa nikuulize, ukitupatia nyota kwa huduma yetu, kuanzia moja mpaka tano..." Sauti yake ikafifia. Nadhani alikuwa anatamani ardhi immeze.

"Nipe Bwana Hulme, bata," Avril akasema.

"Yuko kwenye mkutano."

"Nitangoja."

Muziki ukapigwa. Avril akaketi kwenye ukingo wa kitanda, mgongo umenyooka, akaungoja muziki uishe. Hatimaye Hulme akaja. Avril hakumjibu salamu. Aliondoa sauti ya juu, akainama, akaiweka simu kwenye mto kando ya mdomo wa mumewe, pale ambapo ile pumzi ilikuwa inaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi.

Nilikuwa karibu, nikaisikia sauti ya wakili, ndogo, ikitoka pale kwenye mto.

"Halo? Bi Tunnicliffe? Halo? Sisikii kitu, ni kama upepo tu."

Avril akainamia simu. "Ni Des huyo," akasema. "Wewe sikiliza."

Akakaa wima tena, mikono mapajani. Hulme, tumpe haki yake, hakuikata simu.